Mizunguko 40 nyuma ya Petrov: uchambuzi wa kisa cha Abu Dhabi 2010

Kisa chenyewe

Jumapili ya tarehe 14 Novemba 2010, saa kumi alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, magari 24 yalikuwa yamejipanga katika uwanja wa Yas Marina, Abu Dhabi, kwa mbio za mwisho za msimu wa Formula One. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano hayo, madereva wanne walifika siku ya mwisho kila mmoja akiwa bado na nafasi ya ubingwa. Fernando Alonso wa Ferrari alikuwa na pointi 246, Mark Webber wa Red Bull 238, Sebastian Vettel, mwenzake Webber, 231, na Lewis Hamilton wa McLaren 222. Alonso hakuhitaji kushinda. Hata kama Vettel angemaliza wa kwanza, nafasi ya nne ingemtosha.

Alimaliza wa saba. Tangu alipotoka piti, kile kituo cha kando ya njia cha kubadilishia matairi, kwenye mzunguko wa 15 mpaka bendera ya mwisho kwenye mzunguko wa 55, alikuwa nyuma ya gari la njano na jeusi la Renault, likiendeshwa na Vitaly Petrov, Mrusi aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza. Gari la Alonso lilikuwa na kasi kubwa zaidi, na kila aliyekuwa akitazama alijua. Hakumpita hata mara moja.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu swali zima la sheria na kupitana limo ndani ya alasiri ile moja. Madereva nawataja kwa majina, maana waliyoyafanya yalionekana na dunia nzima. Wahandisi waliokaa mbele ya skrini na kufanya maamuzi siwataji, na vyeo vyao nimeviondoa. Walishabebeshwa lawama za kutosha wakati ule, na ninachotaka kukionyesha ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo ule haikuwa yao.

Usuli: hewa kabla ya sheria

Kwenye mashindano ya majahazi Lamu, nahodha mjanja hutafuta kupita upande wa joshini mwa mpinzani wake. Akishafika hapo, tanga lake linaukinga upepo, na tanga la yule wa demani linalegea. Chombo cha demani hakijaharibika na mabaharia wake hawajachoka. Kimenyang'anywa upepo, basi.

Gari la Formula One nalo linaishi kwa upepo, ila kwa namna nyingine. Mabawa yake na sakafu yake huigeuza hewa kuwa nguvu inayolibana gari chini, ili matairi yang'ang'anie lami kwenye kona. Nguvu hiyo ndiyo mgandamizo. Gari la mbele likishapita huacha nyuma yake hewa iliyovurugwa, kama maji yanavyochafuka nyuma ya boti ya mashine. Gari linalofuata likiingia kwenye hewa hiyo, bawa lake la mbele halipati cha kushika. Pua inakuwa nyepesi, gari linagoma kukata kona, matairi ya mbele yanateleza na kuchemka, na dereva hana budi kurudi nyuma kidogo.

Kwenye mnyoofu, ile sehemu ndefu ya njia isiyo na kona, mambo hugeuka. Hapo anayefuata hufaidi, kama kijana wa baiskeli anavyojibana nyuma ya lori asipambane na upepo. Tatizo ni kwamba mnyoofu huja baada ya kona. Ukipoteza mita 15 kwenye kona, ule msaada wa mnyoofu utautumia kurudisha mita hizo 15, na utakapofika kwenye breki utakuwa umeishia nyuma ya mkia wake, si ubavuni.

Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilikuwa likilijua jambo hili, tena vizuri. Liliunda kikosi kazi cha kushughulikia kupitana, kikiwa na wahandisi wazito: Rory Byrne wa Ferrari, Paddy Lowe wa McLaren na Pat Symonds wa Renault. Hawakukisia. Walipeleka modeli za magari mawili, moja nyuma ya jingine, kwenye handaki la upepo na kupima. Kazi yao ndiyo iliyozaa sheria za 2009. Bawa la mbele lilipanuliwa kutoka milimita 1400 hadi 1800. Bawa la nyuma lilipunguzwa kutoka milimita 1000 hadi 750 na kuinuliwa juu, likafanana na meza ndogo iliyobandikwa nyuma ya gari kubwa. Matairi yasiyo na mifereji yalirudi, baada ya kukosekana tangu 1998. Ikaongezwa KERS, mfumo wa kuhifadhi nguvu ya breki na kuirudisha kama nyongeza ya nguvu za farasi 80 hivi kwa sekunde chache kila mzunguko.

Kisha ikaja ile difyuza ya ghorofa mbili. Difyuza ni sehemu ya nyuma ya sakafu inayopanuka ili hewa iliyo chini ya gari ipite kwa kasi na kulivuta gari chini. Sheria mpya zilikuwa zimeibana. Timu tatu, Brawn, Toyota na Williams, zilipata mwanya katika maneno ya kanuni, zikajenga ghorofa ya pili juu ya ile ya kwanza. Wapinzani wakakata rufaa, na Aprili 2009 mahakama ya rufaa ya FIA ikasema ni halali. Ndani ya miezi michache kila timu ilikuwa nayo. Mgandamizo uliokuwa umeondolewa kwa mpango ukarudi kwa mlango wa nyuma, na hewa chafu ikarudi pamoja nao.

Msimu wa 2010 uliongeza mambo mawili mengine. Timu zilikubaliana kutotumia KERS, na kujaza mafuta katikati ya mbio, kulikoruhusiwa tangu 1994, kukafutwa. Nia ya kufuta mafuta ilikuwa njema: kupunguza gharama, na kuwalazimisha madereva wapitane barabarani badala ya kupitana pitini. Matairi ya Bridgestone, yaliyokuwa katika mwaka wao wa mwisho, yalikuwa magumu mno. Sheria iliyotungwa 2007 bado ilidai kila dereva atumie aina mbili za tairi kwenye mbio zisizo na mvua, kwa hiyo lazima aingie piti mara moja. Lakini mara moja hiyo ingeweza kuwa wakati wowote, maana tairi lilikuwa tayari kukimbia karibu mbio nzima.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo wa kisa.

Siku yenyewe

Vettel alianza wa kwanza, Hamilton wa pili, Alonso wa tatu, Jenson Button wa nne, Webber wa tano. Taa zilipozimika Button akampita Alonso. Alonso akawa wa nne, mahali palepale alipohitaji kuwa.

Kabla mzunguko wa kwanza haujaisha, Michael Schumacher alizunguka na kugeukia magari yaliyokuwa yakija, na gari la Vitantonio Liuzzi likapanda juu ya lake. Tairi na vipande vya gari vilipita karibu na kichwa cha Schumacher. Aliteremka salama. Gari la usalama likaingia uwanjani, na kundi lote likapunguza mwendo.

Hapo ndipo Nico Rosberg na Petrov walipoingia piti. Walivua matairi laini, wakavaa magumu, wakarudi mkiani. Kwenye televisheni lilionekana jambo dogo, maana nani anamwangalia aliyeanza wa kumi wakati mabingwa wanne watarajiwa wako mbele? Lakini wawili hao walikuwa wamemaliza wajibu wao wa piti kwenye mzunguko wa kwanza. Matairi waliyovaa wangeweza kumaliza nayo, na kweli wakamaliza nayo, mizunguko zaidi ya 50. Kuanzia dakika ile, kila ambaye angeingia piti baadaye angekuwa na hatari ya kutokea nyuma yao. Na wao wasingeondoka njiani kamwe.

Webber, wa tano, alikuwa akisumbuka na matairi yake ya nyuma na akagusa ukuta. Kwenye mzunguko wa 11 akaingia piti. Ferrari wakamwingiza Felipe Massa mzunguko wa 13, kwa matumaini kwamba angetoka mbele ya Webber na kumzuia. Akatoka nyuma yake. Mzunguko wa 15 wakamwingiza Alonso.

Alonso alitoka mbele ya Webber. Kwa hesabu ile iliyokuwa ikipigwa, ilikuwa kazi safi. Mbele yake alikuwa Petrov, na mbele ya Petrov, Rosberg.

Uamuzi wa mzunguko wa 15, na mantiki yake

Ni rahisi kuucheka uamuzi huu ukiwa unajua mwisho. Nauchukua kwa uzito, kwa sababu kila hatua yake ilikuwa na maana.

Webber ndiye aliyekuwa wa pili kwa pointi, nane tu nyuma ya Alonso. Yeyote aliyekuwa akipanga mkakati wa Ferrari wiki ile aliota jina moja. Anayeingia piti mapema huvaa matairi mapya na kukimbia haraka wakati mpinzani bado anaburuza ya zamani, na mpinzani akiingia naye baadaye anajikuta amepitwa bila kuovatekiwa barabarani. Hiyo ndiyo njia iliyokuwa imeamua mbio nyingi za miaka ile. Kwa hiyo Webber alipoingia piti, hofu ilikuwa ya halali, na jibu lake ni lile linalofundishwa kila mahali: mfunike. Wakamfunika.

Waliloshindwa kuliona ni kwamba Webber alikuwa ameanguka kwenye shimo, na kumfunika kulimaanisha kumfuata humo. Naye alitokea nyuma ya magari ambayo yasingeingia piti tena, na asingeweza kuyapita, kama ambavyo hakuweza kumpita Alonso kwa mizunguko iliyobaki yote. Adui wa kweli alikuwa Vettel, aliyekuwa mbele akikimbia peke yake kwenye hewa safi. Pia matairi laini hayakufa kama ilivyohofiwa. Button alikwenda nayo mpaka mzunguko wa 39 na akamaliza wa tatu. Kama Alonso angebaki nyuma ya Button bila kufanya lolote, angekuwa bingwa kwa kukaa kimya.

Kulikuwa na chaguo la pili, basi, na lilikuwa la kusubiri. Lakini kusubiri mbele ya skrini, huku nambari za mpinzani zikianza kubadilika rangi, kunahitaji moyo wa aina yake. Ubingwa wa mwaka mzima uko mkononi, na usipofanya kitu, kosa litakuwa lako peke yako.

Mizunguko 40

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo sheria inapoonekana kwa macho.

Uwanja wa Yas Marina wakati ule ulikuwa na kona 21 katika kilomita 5.554. Mahali pa kumpita mtu palikuwa hasa mwisho wa mnyoofu mrefu, wenye zaidi ya kilomita moja. Mnyoofu huo ulianza kwenye kona ya saba, kona kali ya kugeuza karibu nyuma kabisa. Na kabla tu ya kona ya saba, waliojenga uwanja waliweka kona mbili ndogo za kushoto na kulia, zilizobana njia na kuwalazimisha madereva kupita mmoja mmoja.

Tazama mzunguko wowote kati ya ile 40. Alonso anamkaribia Petrov kwenye sehemu ya mwanzo ya uwanja. Wanafika kwenye zile kona mbili. Petrov anapita kwanza na kuanza kukanyaga mafuta, Alonso bado anasubiri zamu yake. Hapo tayari kuna pengo. Wanageuka kona ya saba, pua ya Ferrari inakosa hewa, Alonso anachelewa tena kidogo kukanyaga. Petrov anatoka safi. Gari la Renault lilikuwa kali kwenye minyoofu, na mwaka ule lilikuwa na ule mfereji wa hewa ambao dereva aliuziba kwa mwili wake ili bawa la nyuma lipunguze ukinzani, ujanja ulioanzishwa na McLaren. Ferrari nao walikuwa nao, kwa hiyo haukumpa Alonso faida. Wanateremka mnyoofu, Alonso anarudisha zile mita alizopoteza, na breki zinafika. Hayuko ubavuni. Wanaanza upya.

Mara arobaini.

Redioni mhandisi wake alimwomba atumie kipaji chake chote. Alonso ni mmoja wa madereva wenye vipaji vikubwa walioshika usukani wa gari hizi, na siku ile kipaji hakikuwa na pa kuingilia. Petrov, kwa upande wake, hakukosea breki hata mara moja mbele ya mtu aliyekuwa akigombea taji la dunia, na wala hakufanya hila yoyote. Baada ya mbio Alonso alimpungia mkono kwa hasira akiwa bado garini. Naielewa hasira, lakini Petrov hakuwa na deni. Alikuwa akigombea nafasi yake mwenyewe, na haki ya kuitetea ilikuwa yake.

Matokeo

Vettel alishinda, Hamilton wa pili, Button wa tatu, Rosberg wa nne. Robert Kubica, aliyeanza kwa matairi magumu na kuchelewesha piti mpaka mzunguko wa 46, alipata muda wa kutosha kutokea mbele ya msafara uliobanwa na Petrov, mwenzake wa Renault, akawa wa tano. Petrov wa sita, Alonso wa saba, Webber wa nane. Massa alimaliza wa kumi, nyuma ya gari la Toro Rosso la Jaime Alguersuari.

Pointi za mwisho: Vettel 256, Alonso 252, Webber 242, Hamilton 240. Vettel, mwenye umri wa miaka 23, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia, na hakuwa ameongoza msimamo hata siku moja msimu mzima mpaka siku hiyo. Ferrari walikiri kosa la mkakati, na Januari iliyofuata kulikuwa na mabadiliko ya watu kwenye meza ile.

Dawa ya 2011

FIA walikuwa wameshaamua kufanya kitu kabla ya Abu Dhabi, lakini alasiri ile iliwafungia mdomo waliokuwa bado wakibisha. Msimu wa 2011 ulianza Machi ukiwa na mambo matatu mapya kwa mpigo.

La kwanza ni bawa la nyuma linalofunguka, DRS. Kwenye kila uwanja kuliwekwa alama barabarani. Ukivuka alama hiyo ukiwa chini ya sekunde moja nyuma ya mwenzako, uliruhusiwa kufungua bawa kwenye mnyoofu uliopangwa, na ulipata nyongeza ya kilomita kama 10 hadi 12 kwa saa. Wa mbele hakuruhusiwa kufungua lake kujihami.

La pili ni matairi ya Pirelli. Mbio za Canada 2010 zilikuwa tamu kwa sababu lami ya Montreal ilitafuna matairi ya Bridgestone na kuvuruga mipango ya kila timu. Pirelli wakaombwa watengeneze matairi yanayochakaa vivyo hivyo kila wiki. La tatu ni kurudi kwa KERS.

Kupitana kukafurika. Istanbul, mbio za nne za msimu, piti zilizidi 80 na magari yalipitana mpaka mtazamaji akapoteza hesabu. Nilitarajia kufurahi. Nikajikuta natazama gari likifika nyuma ya jingine, bawa linafunguka, linapita katikati ya mnyoofu kama basi la mwendo kasi linavyopita daladala iliyosimama kituoni, na wa mbele hageuzi hata usukani. Hapakuwa na breki za kuchelewesha wala kona ya kugombea.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Nianze na kosa la mkakati. Kumfunika Webber lilikuwa kosa, lakini ukubwa wa kosa haukupimwa na waliolifanya. Ulipimwa na sheria. Mwaka 2011, dereva mwenye kasi akitokea nyuma ya Petrov angepoteza labda mizunguko miwili au mitatu, afungue bawa, aendelee. Alonso angekuwa bado na Rosberg wa kumshughulikia, na pengine Kubica, kwa hiyo sisemi ubingwa ungekuwa wake. Nasema angekuwa na mizunguko 37 ya kuutafuta. Mahali ambapo kupitana hakuwezekani, uamuzi mmoja wa mzunguko wa 15 unakuwa hukumu ya mwaka. Anayetunga sheria anaamua bei ya makosa, na mwaka 2010 bei ilipandishwa bila mtu kukusudia.

Sheria za 2009 nazo nazitetea. Kikosi kile kilifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa vya kutosha: kupima gari la nyuma, si la mbele tu. Kilichowashinda ni kufikiri kwamba wakiandika nia, timu zitaiheshimu nia. Timu husoma maneno. Mhandisi anayelipwa kutafuta mgandamizo atautafuta popote ambapo sentensi haijafunga mlango, na difyuza ya ghorofa mbili ilipita kwenye sentensi. Baada ya rufaa kukataliwa, FIA walikuwa na nafasi ya kuifunga mara moja. Waliiacha hadi mwisho wa 2010, na misimu miwili ikaenda hivyo.

Kuhusu kufuta ujazaji wa mafuta katikati ya mbio, sioni kwamba lilikuwa kosa kwa peke yake. Mwaka 2010 ulikuwa na mbio nzuri kadhaa. Kosa lilikuwa kulifuta huku matairi yakibaki ya chuma. Mafuta yalikuwa yakileta tofauti: huyu mzito, yule mwepesi, huyu anaingia sasa, yule baadaye. Ukiondoa chanzo hicho cha tofauti bila kuweka kingine, magari yanapangwa kwa kasi Jumamosi, siku ya kugombea nafasi za kuanzia, na kubaki kwa mpangilio uleule Jumapili. Bahrain, mbio za kwanza za 2010, zilionyesha hivyo mapema, na kelele zilipigwa.

Sasa DRS, ambako najua wengi hawakubaliani nami. DRS ilifanya kile ilichoagizwa. Iliondoa treni za magari, ikampa dereva mwenye kasi njia, na FIA wakajifunza kurefusha na kufupisha sehemu ya kufungulia kulingana na uwanja, jambo la busara. Lakini haikugusa hewa chafu hata kidogo. Gari la nyuma liliendelea kunyang'anywa upepo konani, kisha likafidiwa kwenye mnyoofu. Na fidia ile ilichukuliwa kutoka kwa anayejitetea, aliyezuiwa kujibu.

Hapo ndipo msisimko unapopotea, na ili kuonyesha hivyo nawakumbusha mbio za Imola, Italia, za 2005. Schumacher, akiwa na Ferrari yenye kasi wazi zaidi, alimfikia Alonso, wakati huo wa Renault, na kumkaba kwa mizunguko ya mwisho kama kumi na mbili. Hakumpita. Alonso alishinda kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye hesabu ya kupitana, mizunguko ile ina sifuri. Na hakuna aliyeitazama aliyekaa kwenye kiti.

Imola sifuri, Abu Dhabi sifuri. Tofauti ni kwamba Imola, katika kila kona, Schumacher aliweza kupita. Alitia pua, akajaribu huku na kule, na kila mara Alonso alikuwa na jibu, akipunguza mwendo katikati ya kona mpaka Ferrari ikaribie kumgonga, kisha akiondoka naye kwenye mnyoofu. Abu Dhabi, baada ya mizunguko mitano, kila mmoja alijua haiwezekani. Istanbul 2011, kabla ya gari kufika, kila mmoja alijua litapita. Hali zote mbili hizo zinaua kitu kilekile: shaka. Mtazamaji hukaa kwenye ukingo wa kiti kwa sababu ya shaka, na sheria inayohesabu idadi ya kupitana haina namna ya kuiona shaka.

Matairi ya Pirelli nayapa alama zaidi. Shanghai 2011, Hamilton alimfikia Vettel mizunguko ya mwisho kwa sababu Vettel alikuwa amechagua piti chache na matairi yake yamechoka. Ilikuwa hadithi ya maamuzi mawili tofauti kukutana barabarani, na dereva wa mbele alikuwa ameuchagua udhaifu wake. Lakini dawa hii nayo ina kipimo. Mwaka 2013 ilizidishwa. Barcelona, Alonso alishinda kwa kuingia piti mara nne, na Silverstone matairi ya nyuma yalipasuka kwa mfululizo kwenye magari yaliyokuwa kasi kamili. Hapo hatukuwa tena tunazungumzia burudani.

Kuna kasoro moja ambayo haitajwi sana, nayo inaniuma zaidi: mambo matatu yalibadilishwa siku moja. Bawa, tairi na KERS. Kupitana kulipoongezeka hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kipi kimeleta nini, na DRS ikachukua sifa ambazo nyingine, naamini, zilikuwa za Pirelli. Kwa sababu hiyo ikabaki. Ilikusudiwa kuwa plasta, nayo ikakaa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2017 magari yalipanuliwa kutoka milimita 1800 hadi 2000 na kuongezewa mgandamizo mwingi ili yawe na kasi, hewa chafu ikazidi, na jibu likawa kuongeza matumizi ya bawa lilelile.

Ugonjwa wenyewe uliguswa 2022, magari yalipotengenezwa upya ili mgandamizo mwingi utoke chini ya sakafu na hewa ya nyuma irushwe juu, mbali na anayefuata. Kwa takwimu zilizotolewa na Formula One wenyewe, gari la zamani lilipoteza asilimia 46 ya mgandamizo likiwa mita 10 nyuma ya jingine. La 2022 lilitarajiwa kupoteza 18. Mwaka ule wa kwanza magari yalifuatana kwenye kona kwa ukaribu ambao hatukuuzoea. Kisha timu zikaanza kazi yao, bawa kwa bawa, na kufikia 2024 madereva walikuwa wakilalamikia hewa chafu tena. Ghorofa ya pili hujengwa kila mara, kwa jina jingine.

Uwanja

Kwa sheria za 2026 DRS imeondolewa. Mabawa ya magari yote yanafunguka kwenye minyoofu, kwa wa mbele na wa nyuma sawa, na anayefuata kwa chini ya sekunde moja hupewa nyongeza ya nguvu ya umeme. Bado ni zawadi kwa wa nyuma. Nitakachokuwa nikitazama ni kama wa mbele, akiwa ametunza betri yake vizuri, ataweza kujibu.

Na Yas Marina si ile tena. Kabla ya mbio za 2021 uwanja ulichongwa upya, kona zikapungua kutoka 21 hadi 16 na urefu ukawa kilomita 5.281. Zile kona mbili ndogo kabla ya mnyoofu, ambako Alonso alipoteza mita zake mara arobaini, zimeng'olewa, na kona ya kugeuza imepanuliwa ili magari mawili yaingie bega kwa bega. Mbio za kwanza kwenye njia hiyo mpya zilifanyika Desemba mwaka huo. Alonso, aliyekuwa amerejea Formula One na timu ya Alpine, alikuwemo miongoni mwa waliopanga mstari.